Mfungo Usioomba Kitu

Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Wasabato huko Upare ya Kusini aliujua mwaka 1844 kabla hajaujua mwaka 1961. Habari za uhuru tulifundishwa shuleni. Za 1844 tulizipata nyumbani, Ijumaa jioni, nyimbo za kufungua Sabato zikiisha na taa ya chemli ikiwaka mezani. Tulisimuliwa jinsi tarehe 22 Oktoba ya mwaka huo, siku ya Jumanne, maelfu ya waumini wa Marekani walioamini mahubiri ya William Miller walivyokaa wakimngoja Kristo arudi. Walikuwa wamehesabu siku 2300 za kitabu cha Danieli, siku moja kwa mwaka mmoja, kuanzia mwaka 457 kabla ya Kristo. Mwenzao mmoja, Samuel Snow, akawaonyesha kwamba hesabu hiyo inaishia siku ya kumi ya mwezi wa saba wa Kiebrania, ndiyo Siku ya Upatanisho. Wayahudi walio wengi walikuwa wameshaifunga siku hiyo tarehe 23 Septemba. Snow alifuata hesabu ya Wayahudi Wakaraimu, iliyoichelewesha kwa mwezi mzima.

Kristo hakuja. Kulipopambazuka, Hiram Edson, mkulima wa Port Gibson katika jimbo la New York, aliyekesha na wenzake wakilia, alikatisha katika shamba la mahindi kwenda kuwafariji majirani. Humo shambani ndimo lilimomjia wazo lililozaa kanisa letu: kwamba Kuhani Mkuu hakupaswa siku ile kutoka mbinguni kuja duniani, alipaswa kuingia patakatifu pa patakatifu pa mbinguni kuianza kazi ya Siku ya Upatanisho. Sisi watoto wa milimani shamba la mahindi hatukuhitaji kuelezwa. Tulimwona Edson kabisa, suruali imelowa umande, akipita katikati ya mabua.

Kutokana na hapo wazee wetu walisema jambo ambalo kwa mtoto lilikuwa zito: kwamba Siku ya Upatanisho ilianza mwaka ule na haijaisha. Tunaishi ndani yake. Kwa hiyo kanisa halikuweka tarehe kumi ya mwezi wa saba katika kalenda yake, na hakuna Msabato wa enzi zile aliyeulizia inaangukia lini mwaka huu. Kama tumo ndani ya siku hiyo muda wote, basi yale yaliyoamriwa kwa ajili yake, kufunga, kuacha kazi, kujinyenyekeza, yalipaswa kuonekana katika maisha yetu mwaka mzima. Yalipokuwa yanaonekana waziwazi ni kabla ya Meza ya Bwana, mara moja kila robo ya mwaka. Ndiyo ninayotaka kuyakumbuka hapa, kwa sababu yamekwisha, na kwisha kwake kunaniuma.

Mafundisho hayo yaliletwa kwetu na Wajerumani. Mwaka 1903 Johannes Ehlers na A. C. Enns walifika Upare wakafungua kituo Giti, wakakiita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Baadaye akaja Ernst Kotz, aliyejifunza Chasu, lugha yetu, hata akakiandikia sarufi iliyochapishwa Berlin mwaka 1909. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowaondoa Wajerumani, makutano yalibaki mikononi mwa walimu Wapare, na naamini hapo ndipo mafundisho yalipozama. Mwalimu wa Kipare hakuwa na vitabu vingi. Alikuwa na Biblia, na alikuwa na watu aliowajua kwa ukoo, kwa shamba na kwa ugomvi.

Mzee wa kanisa letu, tuliyemwita Mwalimu hata alipokuwa ameacha kufundisha zamani, alipofika Walawi 16 hakusoma tu. Alitutoa nje ya kanisa, akatusimamisha ukingoni ambapo mlima unashuka hadi nyika ya Mkomazi. Kutoka pale nyika inaonekana yote, kavu na pana, hadi upeo unapochanganyika na vumbi. Akatuambia habari za mbuzi wawili waliopigiwa kura. Mmoja alichinjwa, damu yake ikapelekwa na kuhani mkuu nyuma ya pazia. Wa pili kuhani alimwekea mikono yote miwili kichwani, akaungama juu yake maovu yote ya Israeli, kisha mtu aliyewekwa tayari akamwongoza hadi jangwani akamwachia huko. "Kule," alisema Mwalimu, akinyoosha mkono kuelekea Mkomazi. Hakuna mtoto wa Upare asiyejua yanayompata mbuzi aliyeachwa Mkomazi peke yake. Wala hakuna aliyekuwa hajui thamani ya mbuzi.

Wakristo wengine huwaona mbuzi wote wawili kuwa picha ya Kristo. Sisi tulifundishwa kwamba aliyechinjwa ndiye Kristo, na yule wa jangwani, aitwaye wa Azazeli, ni Shetani atakayebebeshwa mwishoni dhambi alizozianzisha. Mwalimu alilieleza hilo, lakini hakulikalia sana. Alichokalia ni maungamo. Kuhani hakumwekea mbuzi mikono akanyamaza, alisema. Alitaja. Na kama kuhani alitaja maovu ya taifa zima, nawe una yako ya kutaja, tena si kwa Mungu peke yake.

Sabato moja kabla ya Meza ya Bwana tangazo lilitolewa, na kuanzia Jumapili jioni wazee na mashemasi walitoka wawiliwawili kutembelea nyumba. Walikuja watu wakiwa wamesharudi shamba, wakakaa kwenye viti vifupi vya jikoni karibu na moto, wakapewa ndizi za kuchoma au maziwa. Hawakuja kuhubiri. Walikuwa na swali moja, nao walimuuliza kila mtu, baba mbele ya mama, mama mbele ya baba, na sisi watoto mmoja mmoja: "Una neno na nani?"

Jibu la "sina" lilipokewa, lakini halikumaliza ziara. Mzee alikaa tu, akazungumzia kahawa, akazungumzia mvua. Mara nyingi ukimya wa pale jikoni ndio uliofanya kazi. Mtu angekumbuka jembe aliloazima akalirudisha limevunjika mpini bila kusema. Angekumbuka kuku. Angekumbuka maneno aliyomtupia wifi yake kisimani. Shangazi yangu alikuwa amekopa mahindi madebe matano kwa jirani mwaka wa njaa, na jirani alikuwa amekwisha kunyamaza asidai tena. Wiki ile aliyarudisha madebe matano na la sita juu yake, kwa sababu torati inataka anayerudisha aongeze sehemu ya tano. Niliubeba mzigo mmoja kichwani nikimfuata. Jirani alikataa debe la sita. Shangazi akaliweka chini mlangoni, akasema, "Hili si lako, hili ni la amri," kisha tukaondoka.

Ugomvi mkubwa kwetu ulikuwa wa maji. Upare tuna ndiva, mabwawa ambayo mababu walijenga kwa mawe na udongo ili kukusanya maji ya mto usiku na kuyafungulia mifereji mchana. Kila ukoo una zamu. Anayefungua mfereji usiku wa manane kuyaelekeza maji shambani kwake amewanyang'anya chakula watu asiowaona, kwa kuwa asubuhi ndiva iko nusu na mwenye zamu anakuta mahindi yake yakijikunja kwa jua. Nawakumbuka wanaume wawili, wote waimbaji wa kwaya, waliokaa kwa misimu kadhaa wakiimba kwenye safu moja bila kusalimiana, kwa sababu ya usiku mmoja wa namna hiyo. Wazee waliwaendea kila robo wakarudi mikono mitupu. Robo moja yule aliyeshukiwa akakubali. Akasema mbele ya wazee kwamba alifungua, akataja na mwezi. Mwenzake hakusema amemsamehe. Aliuliza tu, "Na zamu yangu?" Wakapatana kwamba msimu ule angepewa zamu mbili za mkosaji, na ndipo wakashikana mikono.

Jua la Ijumaa lilipotua mfungo ulianza. Katika Walawi 23 amri ya Siku ya Upatanisho inasema siku hiyo ishikwe kutoka jioni hadi jioni. Fungu hilo ni miongoni mwa yale ambayo Wasabato huyatumia kueleza kwa nini Sabato yao huanza jua linapotua. Waanzilishi wengi walianza saa kumi na mbili kamili jioni, hadi J. N. Andrews alipowaonyesha kutoka Maandiko, mwaka 1855, kwamba saa haihusiki, jua ndilo kipimo. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni, tujue tusijue, tunauingia wakati wetu mtakatifu kupitia mlango wa siku ile ya kufunga.

Mafiga yalipoa. Watoto walipewa uji, wanaonyonyesha walikula, wagonjwa hawakuruhusiwa kufunga hata walipotaka. Waliobaki walikaa hivyo hadi Meza ya Bwana iishe, na baadhi hadi jua lilipotua tena. Jirani zetu Waislamu wa tambarare walituelewa kuliko tulivyodhani. Wao nao wana Ashura, tarehe kumi ya mwezi wa kwanza, na mapokeo yao husema Mtume alipofika Madina aliwakuta Wayahudi wakifunga siku hiyo. Walipopanda soko la mlimani wakatukuta tumefunga, hawakututengea chakula mbele ya macho.

Sala za siku ile ndizo ninazozikosa zaidi. Zilikuwa fupi, na hazikuomba kitu. Mwaka mmoja wa ukame, ndiva zikiwa tope tupu, mama mmoja alisimama katika maombi ya asubuhi akaanza kuomba mvua, akilia. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, Mwalimu alimshika mkono akamwambia kwa upole kwamba mvua wataiomba Jumatano, kanisa zima, na watafunga tena kwa ajili yake ikibidi. "Leo, mwanangu, tunafagia nyumba. Mgeni akija tutamweleza shida zetu." Na Jumatano waliomba mvua kweli. Lakini Sabato ile yote walibaki katika toba, matumbo matupu na mashamba yakikauka.

Kisha ikaja huduma ya unyenyekevu, kutawadhana miguu. Wanaume walibaki kanisani, wanawake wakaenda darasani. Mabeseni ya bati yalipangwa sakafuni, taulo zimekunjwa pembeni, maji yametoka mferejini asubuhi ile na kupashwa moto kidogo kwa ajili ya wazee. Mtu hakungoja apangiwe mwenza. Aliinuka akamwendea yule aliyekuwa na neno naye. Wale waimbaji wawili nilikuwa nimekaa karibu nao. Aliyeiba maji alipiga magoti kwanza. Miguu ya mwenzake ilikuwa ya mkulima wa milimani, visigino vimepasuka, kidole gumba hakina ukucha, na yule mtu aliiosha taratibu, akaingiza vidole katikati ya vidole, akaifuta mmoja, akaushika wa pili kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wakabadilishana. Baada ya hapo mkate usiotiwa chachu na maji ya zabibu kavu zilizochemshwa vilipopita, tulijua wote ni nini kilichokuwa kimefanyika kabla ya kuvigusa. Jioni makande yakapakuliwa, na watu wakala nyumba kwa nyumba.

Sitaki kumdanganya kijana anayesoma haya. Siku zile zilikuwa na uonevu wake. Wazee waliotembea na lile swali walikuwa wanaume watupu, na kuna nyumba ambazo mke aliyepigwa aliulizwa "una neno na nani," akajibu ukweli, kisha akaambiwa amsamehe mumewe ili kanisa lishiriki Meza kwa amani. Mama mmoja wa ukoo wetu alimwosha miguu mama mkwe aliyemtesa, robo baada ya robo, bila yeyote kumuuliza mkwe huyo atarudisha nini. Mwiba huo umo ndani ya kumbukumbu yangu na siutoi. Yule wa maji aliulizwa kuhusu zamu. Mume hakuulizwa kuhusu mapigo. Isaya 58 tuliisoma kila robo, ile sura inayosema mfungo autakao Mungu ni kufungua vifungo vya uovu na kuwaacha walioonewa waende huru, na hatukuufikisha hadi ndani ya nyumba ulikotakiwa kufika.

Hata hivyo swali lilikuwepo. Lingeweza kupanuliwa, likaulizwa na wanawake kwa wanawake, likafuatiliwa na hatua. Badala ya kupanuliwa, limeachwa.

Nimeishi Dar es Salaam sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijui wakati ambapo Wakristo wamefunga zaidi kuliko sasa. Januari inaanza na Siku Kumi za Maombi katika makanisa yetu ya Kisabato. Sabato ya kwanza ya kila robo imetengwa kwa kufunga na kuomba. Kwa wenzetu wa makanisa mengine kuna mifungo ya siku 21, ya siku 40, mikesha ya Ijumaa, mabango barabarani yenye picha ya mtumishi na namba ya simu. Watu wanafunga kweli. Nawaona asubuhi kwenye mwendokasi, midomo mikavu, Biblia kifuani, wakitoka kwenye mkesha moja kwa moja kwenda kazini. Hakuna ninachoweza kusema dhidi ya bidii yao.

Ninachokiona kimebadilika ni yanayosemwa katika mfungo huo. Ukiingia unapewa karatasi uandike mahitaji yako. Kazi, ndoa, mtoto, visa, kiwanja, kesi, uponyaji. Karatasi zinakusanywa kwenye kikapu, kinawekwa mbele, kinaombewa. Siku ya mwisho watu wanatoa shuhuda za waliyopata. Siku hizi karatasi zenyewe zimehamia kwenye simu, unatuma ujumbe kwenye kundi, kiongozi anakusanya. Haya ni mahitaji ya kweli ya watu wenye shida za kweli. Mama anayefunga kwa ajili ya mwanawe anayetumia dawa za kulevya anafanya kama Wakristo wa vizazi vyote walivyofanya, na Biblia imejaa watu waliofunga katika dhiki: Esta na Wayahudi wa Shushani, Ezra mtoni Ahava, Nehemia aliposikia kuta zimebomolewa.

Lakini torati yote ya Musa imeamuru mfungo mmoja tu kwa mwaka kwa taifa zima, nao ni ule wa siku ya kumi ya mwezi wa saba. Na katika maagizo ya siku hiyo hamna ombi la mvua, wala mazao, wala ushindi wa vita. Kuhani mkuu alivua mavazi yake ya fahari, yale yenye dhahabu na vito, akavaa kitani tupu kuingia patakatifu pa patakatifu. Watu waliacha kazi, wakajitesa kwa njaa, dhambi zikatajwa, uchafu ukaondolewa. Basi. Mungu aliyewaamuru watu wake siku moja ya njaa hakuitumia siku hiyo kuwasikiliza wanataka nini. Nabii Zakaria alipoulizwa kuhusu mifungo ambayo watu walijiongezea baada ya Yerusalemu kuanguka, jibu alilopewa na Bwana lilikuja kwa swali: je, mlifunga kwa ajili yangu? Kisha akawarudisha kwenye hukumu ya haki, huruma, mjane, yatima na mgeni.

Wayahudi wenyewe waliliona hilo kwa ukali. Mishna, katika sehemu yake iitwayo Yoma inayohusu siku hii, inafundisha kwamba Siku ya Upatanisho hufunika makosa ya mtu na Mungu wake, lakini makosa ya mtu na mwenzake haiyafuniki mpaka kwanza amemwendea mwenzake na kumridhisha. Mathayo 5 inasema neno la ukoo huo huo: uachapo sadaka yako mbele ya madhabahu, nenda kwanza. Mwalimu wetu hakuwahi kuiona Mishna. Alifika mahali hapo kwa kuisoma Biblia yake na kuwajua watu wake.

Vijana wa siku hizi wana njaa ya jambo hili, na wengine wanalitafuta kwenye kalenda ya Kiyahudi. Mwaka 2024 Siku ya Upatanisho iliangukia Sabato, kuanzia jioni ya Ijumaa tarehe 11 Oktoba hadi jioni ya tarehe 12. Binti mmoja wa kanisani kwetu, msomi, alinifuata nje baada ya ibada. "Babu," aliniuliza, "sisi ndio tunaohubiri Siku ya Upatanisho kuliko Wakristo wote. Mbona leo hakuna aliyefunga?" Alikuwa ameona kwenye simu yake Wakristo waliovaa shali za maombi za Kiyahudi, wakipiga baragumu la pembe ya kondoo.

Nilimwambia hilo halikuanza leo. Mwaka 386, huko Antiokia, Yohana Krisostomo aliwahubiria kwa ukali mkubwa Wakristo wake waliokuwa wakienda kufunga na Wayahudi katika majira hayo hayo. Ukali ule na matusi aliyowatupia Wayahudi vilikuja kutumiwa vibaya kwa karne nyingi, na siwezi kumsifu kwa hilo. Na kabla yake, Luka anaposimulia safari ya Paulo baharini anasema mwendo ulikuwa wa hatari kwa kuwa siku za mfungo zilikuwa zimekwisha kupita. Anautaja kama jambo ambalo msomaji wake analijua. Mkristo anayetaka kuifunga tarehe yenyewe simzuii, mradi asisahau Waebrania 9 na 10, kwamba Kuhani wetu ameingia mara moja tu kwa damu yake mwenyewe, na tumbo letu tupu haliongezi kitu juu ya damu hiyo. Lakini nilimwambia binti yule kwamba tarehe sicho kitu tulichokipoteza. Shali na baragumu vinanunulika. Lile swali la jikoni halinunuliki.

Ninajua kwa nini limepotea, na sioni ubaya wa mtu mmoja katika hilo. Makutano yetu ya mjini ni makubwa. Mzee wa kanisa hawajui washiriki wote kwa sura, sembuse kwa ugomvi. Niliyemkosea kazini ni wa imani nyingine na anakaa upande wa pili wa jiji. Ugomvi wa ukoo sasa uko kwenye kundi la WhatsApp, mtu anatoka tu kwenye kundi na hakuna mlango wa kugongwa. Na wakati wa kutawadhana miguu unapofika, wengi wanainuka kimyakimya wanatoka nje, wanarudi mkate unapoletwa. Wanaobaki wanachaguana marafiki. Maji ni ya bomba, mabeseni ni ya plastiki safi, mambo yanakwenda haraka, na miguu inayooshwa ni ya mtu ambaye hakuna neno naye.

Kuna wanaosema mafundisho yenyewe ya 1844 yalitikisika, ndiyo maana desturi yake ikafa. Ni kweli yalijadiliwa sana. Mwaka 1980 mwanatheolojia wa Australia, Desmond Ford, aliitwa Glacier View, Colorado, kuyatetea mashaka yake kuhusu hukumu ya upelelezi, ndiyo ile kazi ya Kuhani Mkuu tunayoamini ilianza 1844, na baadaye akanyang'anywa hati za uchungaji. Mjadala huo umewatoa wengine kanisani na kuwaimarisha wengine. Mimi ningali ninaamini nilichofundishwa kwenye taa ya chemli. Lakini hata asiyeamini hesabu za miaka bado ana Walawi 16 mbele yake na Mathayo 5 nyuma yake. Na ajabu inayonisikitisha ni kwamba sisi tunaoamini kwamba vitabu vya mbinguni vimefunguliwa, kwamba Kuhani Mkuu yuko kazini sasa hivi, tunafunga sawasawa na mtu asiyejua habari hiyo: tunapeleka orodha ya mahitaji mahali ambapo majina yetu yanachunguzwa.

Kwa hiyo nimewaomba wazee wa kanisa letu jambo moja, na ninaliandika hapa ili wa makanisa mengine waliombe pia. Wiki moja kabla ya Meza ya Bwana, vikundi vidogo vya nyumbani virudishe ile ziara. Waende wawiliwawili, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Wasibebe karatasi za mahitaji. Waulize swali moja, wakae muda wa kutosha. Penye deni, lilipwe na nyongeza yake, hata kwa simu, kwa kuwa pesa za simu nazo hufika. Penye mtu aliye mbali, apigiwe, asitumiwe ujumbe. Penye mapigo na unyanyasaji, asiulizwe aliyeumizwa kama amesamehe. Aulizwe aliyeumiza amefanya nini kukomesha na kulipa, na apelekwe panapohusika, hata kama ni shemasi. Halafu Ijumaa jua likitua tufunge siku moja, bila kuomba kazi, bila kuomba visa, bila kuomba mvua. Hayo yana Jumatano yake, na Baba yetu hajachoka kuyasikia.

Wamenijibu kwamba watalijadili barazani, na kwamba jijini ni vigumu. Ni vigumu. Lakini Upare nako kulikuwa kugumu, kutembea nyumba kwa nyumba usiku kwenye mteremko, baada ya siku nzima ya jembe, kwenda kukaa jikoni kwa mtu asiyetaka kuulizwa. Walikwenda kwa sababu waliamini siku yenyewe ilikuwa imeshaanza. Tukiliamini hilo kama wao, tutapata nauli na tutapata muda.